Chumvi ya Kabula

Queen hakuwa na nia mbaya. Hilo liwekwe wazi mapema, maana maneno aliyoyaleta siku ile pale Usagara yangeweza kuvunja ujirani. Alikuwa ametoka Mwanza kuchukua nguo zake za mitumba, amechoka, akapita uani kwa Mama Chenge kuomba maji, akamkuta anakata viazi vitamu vya kukausha michembe. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akatupia kipande cha kiazi kibichi mdomoni, akaanza kusimulia bila kuulizwa, kama kawaida yake.

"Mama Chenge, yule Masele wa kaka yako ana akili. Hoteli yake ya Kirumba imejaa watu. Wenzake wote wanakaanga chipsi, yeye anauza michembe, ugali wa mtama, maziwa mgando. Na jina kaipa la marehemu mama yenu. Kwa Bibi Malimi, Chakula cha Asili. Ubao mkubwa huo, unauona toka barabarani."

"Nimesikia," alisema Mama Chenge, ambaye jina lake hasa ni Dorcas. Kisu chake kiliendelea kukata.

"Lakini hujasikia hili. Ukikaa tu, hata hujaagiza, unaletewa tonge moja la ugali mweusi na mlenda. Bure. Wanasema ndiyo karibu ya ukoo wenu. Ugali wa maganda ya viazi, basi mtamu huo, na mlenda wenye karanga. Nimelamba vidole."

Kisu kikasimama.

"Umesema maganda?"

"Maganda ya viazi. Yanakaushwa, yanasagwa."

"Na karanga."

"Na karanga. Na chumvi imekolea vizuri."

Dorcas aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaingia ndani. Queen alidhani anafuata maji. Mara akamwona anatoka amejifunga kitenge cha kanisani, viatu mguuni, mkoba kwapani. Viazi vikabaki pale juani na nzi wake.

"Nifungie kuku," alisema Dorcas, akaelekea njiapanda kutafuta gari. Maji Queen alijichotea mwenyewe.

Sasa wapo watakaosema ugali ni ugali, kwani kuna nini. Wanaosema hivyo hawakuwepo mwaka ule mvua ilipokataa Usukumani. Dorcas alikuwepo, mtoto wa miaka kama tisa. Mtama ulikauka ukiwa unafika magotini. Ng'ombe walikwisha. Baba yao alikwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikopotelea. Mama yao, Malimi, akabaki na watoto watatu: Luhaga, kijana aliyeanza kuota ndevu za paka, Dorcas, na Kabula, kitinda mimba, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha.

Michembe ya akiba ilipoisha, Malimi alikwenda nyuma ya nyumba, pale walipokuwa wakitupa maganda ya viazi siku za neema. Akayaokota, akayapepeta mchanga, akayatwanga. Ugali wake ulikuwa mweusi, mchungu, unakwama kooni. Mboga ilikuwa mlenda wa porini uliochemshwa kwa maji matupu. Chumvi hawakuwa nayo. Wengine walimeza kwa kujilazimisha, Kabula akakataa. Dorcas ndiye aliyekuwa akimlisha, maana mama yao alishinda porini akichimba mizizi, na kila tonge lilipofika mdomoni mtoto aligeuza uso, akasema neno moja tu: chumvi. Aliomba hivyo asubuhi, akaomba jioni, mpaka sauti ikaisha. Wakamzika nyuma ya nyumba.

Na Luhaga hakuwepo. Hilo ndilo Dorcas hakulisahau hata kidogo. Kaka mtu alitoweka mtoto akiwa hoi, akarudi kaburi limeshafukiwa, na mdomo wake ulikuwa unanuka samaki. Kumbe alikuwa kwa mjomba wao kule ziwani, kwa watu waliokuwa wanalala wameshiba.

"Umekula?" mama yao alimwuliza.

"Nimekula, mayu."

Malimi hakumpiga. Aligeuka akaingia ndani. Dorcas angefurahi sana kama angempiga, tena kwa mti mkavu. Mvua iliporudi, majani yaliota kila mahali isipokuwa pale kichwani pa kaburi, na mama yao akasema ni moyo wa mtoto haujatulia.

Tangu hapo, kila msimu wa kukata michembe, Malimi alitenga siku moja. Siku hiyo ulipikwa ugali wa maganda na mlenda, bila chumvi, bila maziwa, na watu walikula bila maongezi. Tonge la kwanza liliwekwa juu ya jiwe la jiko. "Tule kama alivyokula," alisema, basi, hakuongeza neno. Haikuwa karamu. Yalikuwa matanga ambayo hayakuanuliwa. Alipokuwa anakufa alimwachia Dorcas nyumba na kazi hiyo, na Dorcas akaifanya kila mwaka, mume apende asipende, watoto wanune wasinune.

Luhaga alisoma, akapata kazi Dar es Salaam, akawa mtu wa suti ya Kaunda na kalamu mfukoni. Mwaka mmoja akaja nyumbani siku ile ile, na mwanawe Masele akiwa bado mdogo. Ugali ukaletwa. Luhaga akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya mkeka. Ilikuwa chumvi. Akafumbua mdomo aseme kitu. Dorcas hakumpa nafasi. Aliinyakua ile karatasi, akairusha nje uani.

"Mwaka ule ulishiba samaki," alimwambia, "leo unataka na chumvi?"

Luhaga alitoka, akasimama kaburini kwa mtoto, kisha akamshika mwanawe mkono wakaondoka jua likiwa bado kali. Hakurudi tena mpaka aliporudi ndani ya jeneza. Akazikwa karibu na Kabula, na Dorcas alikaa msibani na wanawake wenzake, macho makavu, akihesabika mtu mwenye roho ngumu. Alikuwa nayo kweli, wala hakukana.

Na sasa huyu Masele. Shirika lake la Dar lilipouzwa, wakapunguzwa kazini yeye na wenzake, akashuka Mwanza na kiinua mgongo chake wakati ule kila mtu alikuwa akifungua kitu. Mwanza ya miaka ile ilikuwa imechangamka. Minofu ya sangara ilikuwa inapanda ndege, mitumba na redio za kaseti zimejaa hadi barabarani, na aliyekuwa karani jana leo anaitwa mkurugenzi. Mtu akitaka kuuza soda, auze. Akitaka kuuza kifo cha shangazi yake mdogo, nacho akiuze? Dorcas alijiuliza swali hilo njia nzima, na kila alipojiuliza hasira ilizidi kupanda.

Ubao aliuona kabla hajavuka barabara. Jina la mama yake limeandikwa kwa rangi nyekundu, limechorewa kibuyu pembeni na mwanamke anayecheka. Malimi hakuwa mtu wa kucheka. Ndani kulikuwa na mikeka ukutani, ngoma, na televisheni juu ya rafu inayoonyesha watu wanaimba Kizungu. Meza zote zina watu. Dorcas alikaa kwenye meza ya mwalimu mmoja wa Butimba, bwana mnene mwenye tai, ambaye alijitambulisha kwa jina la Venant na kumkaribisha kana kwamba hoteli ni yake.

Dada mhudumu akaja na vibakuli viwili vidogo. Ugali mweusi, mlenda unaong'aa kwa karanga.

"Hiki mnauzaje?" Dorcas aliuliza.

"Hiki hakiuzwi, mama. Ni cha kuonja tu. Kila anayeingia anapewa."

Kama kingeuzwa pengine ingekuwa afadhali. Kugawiwa bure, kama njugu za kilabuni, kulimchoma zaidi. Na mwalimu naye, kwa bahati mbaya yake, alikuwa mtu wa kuelimisha.

"Unakijua chakula hiki, mama?" alisema, tonge tayari mkononi. "Hiki zamani kilikuwa chakula cha watemi. Mtemi alikuwa anaanza nacho kabla ya baraza. Sisi watu wa leo tumeacha mila zetu, ndiyo maana nampenda kijana huyu."

"Cha watemi," alisema Dorcas.

"Cha watemi kabisa."

Dorcas alikata tonge, akachovya, akatia mdomoni. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomshinda. Maganda yalikuwa yameoshwa na kusagwa laini, karanga imekolea, na chumvi ilikuwepo, chumvi tele, ile ile chumvi. Akatema kwenye kiganja, akasimama, akaweka kile alichotema katikati ya meza mbele ya tai ya mwalimu.

"Nyamazeni niwaambie mnachokula," alisema.

Hakupiga kelele. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga, na ikitumika ndani ya nyumba haihitaji kupandishwa. Mtu mmoja alipunguza televisheni.

"Huyu Malimi mliyemchora anacheka ubaoni ni mama yangu. Huu ugali aliupika mara ya kwanza kwa takataka alizookota jalalani, mwaka wa njaa. Alimpikia mtoto wake. Mtoto akakataa, akaomba chumvi, chumvi hakuna, akafa. Mikono hii ndiyo iliyokuwa inamlisha. Hakuna mtemi aliyeuona. Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hawakujua kwamba siku moja mwenye shibe ataletewa njaa ya mwenzake kwenye kibakuli, aionje kwanza, ndipo aagize kuku."

Mwalimu Venant alikuwa bado ameshika tonge lake. Alilitazama, akatazama kibakuli, akakosa pa kuliweka. Meza ya nyuma mtu alikohoa.

"Na mlenda wametia karanga," aliongeza Dorcas. "Karanga."

Masele alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama mlangoni na aproni yake. Alikuwa amefanana na Luhaga mpaka kuudhi: paji lile lile pana, mabega yale yale ya kuomba radhi.

"Shikamoo, shangazi."

"Usiniamkie. Shusha ubao."

"Shangazi, njoo jikoni."

"Siji jikoni kwako. Shusha ubao wa mama yangu, kisha kapike chipsi kama wenzako."

"Njoo kwanza. Ukitoka huko ukisema ushuke, nitaushusha kwa mikono yangu, leo leo." Alisema hivyo bila kumtazama usoni, na watu wote walikuwa wanasikiliza, kwa hiyo Dorcas akaenda. Alikwenda kwa sababu alikuwa bado na maneno mengi ambayo hayakufaa kusemwa mbele ya wageni.

Jikoni kulikuwa na majiko ya mkaa na sufuria kubwa zinachemka. Mpishi, mwanamke aitwaye Masalu, alipoona sura ya mgeni alichukua ungo wake akatoka nje kuchambua mchele. Pembeni, mbali na majiko yote, palikuwa na mafiga matatu ya mawe, na moto mdogo wa kuni. Juu ya figa moja palikuwa na sahani ya bati. Ndani yake tonge la ugali mweusi na mlenda kidogo. Kando ya sahani, karatasi imekunjuliwa, na juu ya karatasi chumvi.

"Hiyo ya nani?" Dorcas aliuliza.

"Ya Kabula. Kila siku inapakuliwa kwanza yake, ndipo wateja."

Jina lile Dorcas hakuwa amelisikia katika mdomo wa mtu mwingine tangu mama yake afariki. Alishika ukingo wa meza.

"Nani kakwambia Kabula?"

"Baba. Akiwa hospitali, mwisho mwisho." Masele alivuta kigoda akamsogezea. Dorcas hakukikalia. "Alisema hakukimbia njaa. Alikwenda kuomba chumvi. Alijua mjomba wenu anayo, ya kukaushia samaki. Alikwenda peke yake, hakumwambia mtu, aliogopa bibi angemzuia."

"Alirudi ananuka samaki."

"Alikula. Hakukana, shangazi, hata kwangu hakukana. Alipofika walimpa samaki kwanza, akala mpaka akashiba, na shibe ikamlaza. Alisema asingelala angemwahi. Hilo ndilo lililomla maisha yake yote. Alipoamka akaomba chumvi, akapewa, akaifunga kwenye pindo la shuka, akakimbia nayo. Akawakuta mnafukia."

Dorcas alikisukuma kigoda pembeni kwa mguu.

"Bibi akamwuliza kama amekula," Masele aliendelea. "Akajibu kweli. Sasa baada ya jibu hilo angesema nini, kwamba na chumvi hii hapa? Mlipoingia ndani akaimwaga juu ya kaburi, kichwani."

Kichwani. Pale ambapo majani yalikataa kuota msimu mzima, na mama yao akilia kwamba moyo wa mtoto haujatulia. Dorcas alipaona mbele yake kama anapaona leo, ule udongo mtupu katikati ya kijani, na Luhaga amesimama mbali, hasemi kitu. Hasemi kitu. Hasira iliyokuwa imeanza kumtoka ikageuka njia ikarudi, na safari hii ilikuwa na mwenyewe, Luhaga.

"Kwa nini hakusema?"

"Siku ile ya karatasi alikuja kusema. Nilikuwepo, nakumbuka. Alitaka kuiweka kwenye tonge la jiweni. Ukaitupa."

"Angeiokota."

"Shangazi."

"Angeiokota, Masele. Chumvi ikimwagika watu huokota. Mimi ni dada yake, alinijua. Ningemtukana mpaka nichoke, kisha ningemsikiliza, ndivyo nilivyo tangu nazaliwa. Badala yake anaondoka na mabega yake hayo, ananiachia mimi kupika ule ugali peke yangu, mwaka baada ya mwaka, nikidhani duniani nimebaki mimi tu ninayemkumbuka yule mtoto. Kumbe tuko wawili. Kumbe naye huko Dar anakumbuka, amevaa suti. Na wewe je? Una ulimi, na Usagara si Ulaya."

"Nilikuja kabla sijafungua. Ulinipa kiti, ukasema unawahi kupalilia, ukaniacha na mbwa."

Hilo lilikuwa kweli.

"Baba alisema nikipata uwezo, mtu yeyote atakayeingia nyumbani kwetu asikose tonge na chumvi," alisema Masele. "Nyumba sina. Nina hoteli. Hayo ya watemi kayatunga mwalimu mwenyewe. Nikanyamaza, maana watu wanakula, ningewaambia nini? Na karanga ni zangu. Karanga baba hakuzisema."

"Karanga utatoa."

"Nitatoa."

"Na yule mwanamke ubaoni afunge mdomo."

"Nitamwita mchoraji. Na ubao wenyewe?"

Dorcas aligeukia mafiga. Alikuwa anaitazama ile sahani ya bati juu ya jiwe, ugali umeanza kukauka juu, na chumvi imewekwa kando kwa heshima, haijaguswa na mtu.

"Mnaweka hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Mnaweka, mnaondoka."

"Ndiyo."

"Basi kila siku Kabula hali," alisema Dorcas. "Mtoto mwenyewe hakuwa anajua kula peke yake. Nilikuwa namlisha mimi. Hilo nalo baba yako hakukwambia, maana hakuwepo."

Akavua viatu. Akapiga magoti mbele ya mafiga na kitenge chake cha kanisani, akasukuma majivu pembeni kwa kiganja. Akakata tonge dogo, la mdomo wa mtoto, akalifinyanga, akatia kishimo kwa dole gumba, akachota mlenda, kisha akachukua chumvi kwa ncha za vidole akainyunyiza juu. Masele alidhani analia, akainama amshike bega, na Dorcas akausukuma mkono wake.

"Niache. Nimekasirika," alisema. "Kaburi la baba yako liko nyuma ya nyumba yangu. Nikifika nyumbani nitavuta kigoda nimkalie palepale, nimwambie yote, moja moja. Leo atanisikiliza mpaka mwisho, hana gari la kupanda."

Akalitazama lile tonge kiganjani, akaona bado halijakolea, akaongeza chumvi.